Muulize Fundi: Wanataka kutufungia njia za pikipiki kwa jina la nyika

Katika toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu mipango ya kuongeza hifadhi za nyika huku magharibi mwa Marekani, nikasema bila kuficha kwamba naipinga. Barua zilizokuja zimezishinda hata zile za kabureta, ambazo kwa kawaida ndizo zinazojaza ukurasa huu. Kabureta zisubiri basi.

Kwa msomaji mgeni: kazi yangu ni kutengeneza pikipiki za porini, za magurudumu manne na za theluji, hapa Idaho. Njia zikifungwa, wateja wangu wanapungua. Nakwambia mapema ujue unasoma maneno ya nani.

*

*Shikamoo Fundi. Mwenzangu kazini anasema msitu tunakopanda pikipiki utafanywa hifadhi ya nyika, na kwamba mkuu wa msitu ndiye anayeamua. Kweli mtu mmoja ofisini anaweza kufunga bonde zima? – Msomaji, Boise*

Marahaba, mwanangu. Mwenzako amepatia nusu.

Hifadhi ya nyika yenyewe huundwa na Kongresi tu. Mkuu wa msitu hana uwezo huo, gavana hana, na hata rais peke yake hana. Msingi wake ni Sheria ya Nyika, ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 3 Septemba 1964. Ilianza na ekari milioni 9.1, na leo hifadhi hizo zimepita ekari milioni 111. Ukisoma kifungu cha 4(c) utaona katazo ni pana: barabara hakuna, gari hakuna, boti ya injini hakuna, ndege kutua hakuna, mashine za injini hakuna, wala chombo kingine chochote cha usafiri wa kimashine. Mti ukianguka njiani, wafanyakazi wa Idara ya Misitu wenyewe huukata kwa msumeno mrefu wa mkono, mmoja anavuta huku mwenzake anavuta kule, kwa sababu hata msumeno wa injini umo kwenye katazo.

Sasa nusu ya pili. Kabla jambo halijafika Kongresi kuna mahali pa kusubiria, na huko kusubiri ndiko kunakotuumiza. Kila msitu wa taifa una mpango wake, na mpango ukiandikwa upya lazima waangalie ni ardhi ipi inafaa kupendekezwa iwe nyika. Ni kupendekezwa tu. Lakini Montana na kaskazini mwa Idaho, Idara ya Misitu imekuwa na mazoea ya kuziondoa injini kwenye eneo lililopendekezwa hata kama Kongresi haijatamka neno. Kwa upande wa BLM, idara inayosimamia takriban ekari milioni 245 za ardhi ya umma, sheria ya mwaka 1976 iliiagiza ikague ardhi yake ndani ya miaka 15. Sehemu zilizoonekana zina sifa zikaitwa maeneo ya uchunguzi wa nyika, na amri ikawa kwamba sifa hizo zisiharibiwe mpaka Kongresi iamue. Kongresi haina haraka. Yapo maeneo yaliyoingia kwenye uchunguzi miaka ya 1980 na mpaka leo bado yanachunguzwa! Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ana mvi, na njia ya babake bado haijajulikana ni mali au si mali.

Halafu kuna ramani. Tangu mwaka 2005 kanuni ya Idara ya Misitu inataka kila barabara, kila njia na kila eneo linaloruhusiwa injini litajwe na kuchorwa. Njia isiyochorwa kwenye ramani ya magari imefungwa, hata kama hakuna kibao wala mnyororo. Ramani hiyo mkuu wa msitu anaitia saini ofisini kwake. Kwa hiyo muulize mwenzako swali moja: anachokisikia ni muswada wa Kongresi, ni mpango wa msitu, au ni ramani? Kila kimoja kina mlango wake wa kuingilia, na watu wengi hugonga mlango usio wao.

*

*Ndugu Fundi, mimi ni mama ninayetembea milimani kwa miguu. Ninyi wa injini mna barabara zote za nchi hii. Sisi tunaotafuta utulivu tumebakiwa na kipande, na hicho nacho mnakitaka. Pikipiki moja inasikika bonde zima. Hamridhiki? – Msomaji, Bozeman, Montana*

Dada yangu, la kelele sikubishii, na nitaanza nalo kwa sababu nalijua kwa mikono yangu.

Hapa Idaho kikomo cha sauti ya pikipiki ya porini ni desibeli 96. Kuipima si kazi ngumu. Pikipiki inasimama, gia ziko huru, kipima sauti kinawekwa inchi 20 kutoka mdomo wa bomba la moshi, kwa pembe ya digrii 45, halafu unazungusha injini mpaka nusu ya kasi yake ya juu kabisa. Pikipiki iliyotoka kiwandani ikiwa haijachezewa hupita. Isiyopita ni ile ambayo kijana ameifungua bomba, akatoa pamba ya ndani iliyoungua bila kuweka nyingine, au akang'oa na kizuia cheche kabisa kwa sababu aliona kwenye video kwamba inaongeza nguvu. Haiongezi nguvu ya maana. Inaongeza kelele, na katika msitu mkavu wa Agosti inaongeza hatari ya moto. Mtu akiniletea pikipiki ya namna hiyo naitengeneza vile sheria inavyotaka, au aende kwingine. Kwa maoni yangu vijana wa bomba wazi wametufungia njia nyingi kuliko mwanasheria yeyote wa mazingira.

Jangwani Utah kuna jambo lingine ambalo nalo sitetei: ule ukoko mweusi wa udongo wenye uhai. Gurudumu likipita juu yake mara moja, kupona kwake ni kazi ya miongo. Anayetoka nje ya njia kule apigwe faini, na mimi nitasaini.

Tulipoachana ni hapo penye neno "kipande". Ni kweli hifadhi za nyika ni kama asilimia 5 ya Marekani, na zaidi ya nusu yake iko Alaska, kwa hiyo majimbo mengine yote kwa pamoja hayafiki asilimia 3. Hesabu hiyo iko upande wako, ichukue. Lakini usidhani kwamba asilimia zilizobaki ni uwanja wetu. Mwezi Septemba 2023 BLM ilipitisha ramani mpya ya eneo la Labyrinth Canyon na Gemini Bridges karibu na Moab, ikafunga maili 317 za njia. Hakuna hifadhi mpya ya nyika iliyotangazwa pale. Ni ramani tu. Tena ekari si kipimo cha mpanda pikipiki. Njia yetu ni uzi mwembamba unaopita mabonde manne na kurudi ulikoanzia. Ukifunga bonde moja kati ya hayo, uzi umekatika, na matatu yaliyobaki yanakuwa vijia vya kwenda na kugeuza.

Na zana za kulinda unachokipenda zipo tayari. Rais Nixon mwaka 1972 alitoa agizo kwamba njia za magari ya porini zipangwe kwa namna ya kupunguza madhara kwa udongo, mimea na wanyama, na kupunguza mgongano na watumiaji wengine, yaani wewe. Carter mwaka 1977 akaongeza makali: uharibifu mkubwa ukionekana, eneo lifungwe mara moja mpaka tatizo liondoke. Njia inaweza kufungwa msimu kulungu wakubwa waitwao elki wanapozaa na kufunguliwa baadaye. Inaweza kuhamishwa ikaepuka chemchemi. Hifadhi ya nyika haina kifungu cha "mpaka tatizo liondoke". Ikishapita imepita, na kuirudisha nyuma kunataka sheria nyingine ya Kongresi, jambo ambalo mimi na wewe tutazeeka tukilisubiri.

La mwisho, kwa utani kidogo: kuna mfuko wa serikali kuu wa njia za burudani unaotokana na kodi ya mafuta ya magari ya porini. Sheria yake inagawa asilimia 30 kwa njia za injini, 30 kwa njia zisizo za injini, na 40 kwa njia za mchanganyiko. Daraja la mbao ulilovuka Jumamosi huenda limelipiwa na petroli ya watu wangu. Karibu sana.

*

*Fundi, baba yangu anatumia kiti cha magurudumu cha umeme. Mtu mmoja kwenye mkutano alisimama akasema nyika inawafungia nje walemavu wote. Ni kweli baba haruhusiwi hata kuingia? – Msomaji, Spokane*

Si kweli, na mwambie mzee leo hii. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 ina kifungu kinachoitaja nyika kwa jina: hakuna kitu katika Sheria ya Nyika kinachomzuia mtu kuingia na kiti chake cha magurudumu kwa sababu ya ulemavu wake. Kinachohesabiwa kiti ni kifaa kilichoundwa mahususi kwa mtu mwenye ulemavu wa kutembea tu, na kinachofaa kutumika ndani ya nyumba wanakopita watu. Betri haikiharibii sifa. Kiti cha baba yako kinapita.

Pikipiki ya magurudumu manne haipiti, hata kama mwenye kuiendesha hana miguu. Hapo ndipo hoja ya yule bwana ilipo na uzito, kwa kuwa njia ya mawe yenye mwinuko haimfai kiti kinachopita sebuleni. Idara hazilazimiki kuzitengeneza njia za nyika ziwe laini kwa ajili ya viti. Wapo wazee, na wapo waliorudi vitani bila viungo, ambao ziwa la juu mlimani wanalifikia kwa injini au hawalifikii. Hao wasemewe. Kinachonichefua ni kijana mzima wa miaka 25, mwenye mapafu ya farasi, kujificha nyuma ya kiti cha mzee wa mwenzake.

*

*Mnasema nyika hairuhusu injini. Mbona mimi nimeona kwa macho yangu ndege ndogo ikitua ndani ya nyika ya Frank Church, na boti ya injini ikipanda mto Salmon? Wenye pesa wana sheria yao? – Msomaji, Nampa*

Umeona vizuri. Na swali lako ni zuri kuliko yote niliyopokea.

Frank Church–River of No Return ni zaidi ya ekari milioni 2.3, nyika kubwa kuliko zote zilizoshikana ukiondoa Alaska. Iliundwa mwaka 1980. Wakati huo ndege ndogo zilikuwa zimeshazoea kutua mabondeni kule, na boti za injini zilikuwa zinapanda Salmon tangu zamani. Sasa tazama sheria iliyoiunda. Haisemi tu kwamba kutua kuendelee. Inasema kiwanja kilichokuwa kinatumika siku ile kisifungwe moja kwa moja isipokuwa kwa hatari kubwa sana kwa ndege, na hata hapo pawe na idhini ya maandishi ya jimbo la Idaho. Boti nazo zikatajwa ziendelee mtoni. Mtu akiisoma leo anaona wazi kwamba kuna watu walikaa mezani na sentensi zao mkononi, wakahakikisha zimeingia neno kwa neno.

Si huko peke yake. Boundary Waters, Minnesota, sheria ya mwaka 1978 iliacha maziwa kadhaa yenye boti za injini, mengine mwisho nguvu farasi 10, mengine 25. Alaska, sheria kubwa ya mwaka 1980 iliruhusu pikipiki za theluji, boti na ndege kwa shughuli za jadi na kwa kusafiri kati ya vijiji na nyumbani, hata ndani ya nyika. Kongresi iliyoandika katazo ndiyo inayoandika vighairi vyake.

Kwa hiyo hapana, si suala la pesa peke yake, ingawa pesa haijawahi kumdhuru mtu mezani. Ni nani alikuja na maneno mahususi. Sisi wapanda pikipiki tumezoea kuja na fulana zenye maandishi makubwa.

*

*Fundi, mlipiga kelele miaka na miaka dhidi ya nyika ya White Clouds na mwaka 2015 bado ikapita. Kupinga kwenu kulileta nini? – Msomaji, Twin Falls*

Swali la kisu. Kulijibu inabidi nirudi nyuma, maana habari hii huwa inasimuliwa kuanzia katikati.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Asarco ilitaka kuchimba molibdenamu chini ya Castle Peak, kilele cha zaidi ya futi 11,800 katikati ya milima ya White Clouds, hapa Idaho. Idaho iliwaka. Cecil Andrus alishinda ugavana mwaka 1970 akiupinga mgodi ule. Mwaka 1972 Kongresi ikaunda Eneo la Taifa la Burudani la Sawtooth. Milima ya Sawtooth yenyewe ikawekwa chini ya nyika, lakini White Clouds, upande wa pili wa bonde, ikabaki eneo la burudani, na madai mapya ya migodi yakazuiwa humo. Mgodi haukuchimbwa. Pikipiki ziliendelea kupita. Kwa miongo minne milima ile ikakaa salama na injini zikiwa humo, na watu wakaja kutuambia kwamba bila nyika itaharibika! Huo ndio msingi wa upinzani wetu, na naamini ulikuwa wa haki.

Mbunge Mike Simpson, Mrepublican wa Idaho hii hii, alikuwa na muswada wake wa nyika tangu miaka ya 2000. Tukaupinga. Mwaka 2010 ulikaribia kupita, Seneta Jim Risch akaacha kuuunga mkono, ukafa. Tukasherehekea. Kilichobadilisha mambo ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1906, inayompa rais uwezo wa kutangaza hifadhi ya kumbukumbu ya taifa kwa saini yake peke yake, bila Kongresi. Ilipoonekana Rais Obama anaweza kuitumia sheria hiyo kwa White Clouds, tena kwa eneo kubwa kuliko la muswada, hata waliokuwa wakipinga nyika wakaona afadhali sheria iandikwe na watu wa Idaho. Muswada ukapita mbio, ukatiwa saini tarehe 7 Agosti 2015: ekari kama 275,000 katika hifadhi tatu za nyika.

Kupinga kulileta nini? Chukua ramani utazame kati ya Hemingway-Boulders na White Clouds, mbili kati ya hizo tatu. Zingeweza kuwa nyika moja. Hazikuwa, kwa sababu kati yake kuna ukanda wa Germania Creek ulioachwa wazi, na njia ile pikipiki na baiskeli bado zinapita. Vilevile zaidi ya ekari 150,000 za maeneo ya uchunguzi wa nyika ziliachiliwa, zikatoka kwenye kule kusubiri nilikokueleza. Hayo hayakuja kwa huruma.

Waliochinjwa ni waendesha baiskeli za milimani. Wao waliunga mkono hifadhi ya kumbukumbu, ambayo ingewaachia baiskeli zao. Ilipokuja nyika badala yake wakapoteza Ants Basin na Castle Divide, njia mbili ambazo mtu alikuwa akisafiri kutoka majimbo ya mbali kuja kuzipanda. Walikuwa na hoja nzuri, ila waliiweka yote kwenye kapu la rais, na muswada ulipokimbia hawakuwa na mstari wao ndani.

*

*Baiskeli ya kawaida, isiyo na injini, imekosa nini? Na ya umeme je? – Msomaji, Missoula*

Sheria ilikataza injini na pia usafiri wa kimashine. Baiskeli ikabishaniwa, mpaka mwaka 1984 Idara ya Misitu ikaandika kanuni iliyoifunga waziwazi. Farasi mwenye kwato za chuma anaruhusiwa, baiskeli hairuhusiwi, na hili hata watetezi wa nyika wengine huliona gumu kulieleza. Ya umeme usiifikirie kabisa ndani ya nyika. Nje ya nyika, katika misitu ya taifa, inahesabiwa chombo chenye injini, kwa hiyo fuata ramani ya magari kama mwenye pikipiki.

*

*Mzee wa mke wangu alipita njia fulani Utah na lori lake tangu ujana. Sasa kuna kibao. Tunapanga siku tupite wote kwa pamoja, familia ishirini, waone hawawezi kutukamata sote. Unasemaje? – Msomaji, Blanding*

Nasema msifanye, bwana shemeji.

Mji wako unaijua habari hii kuliko mimi. Recapture Canyon ilifungiwa injini na BLM mwaka 2007 ili kulinda mabaki ya makazi ya wenyeji wa kale. Haikuwa hata nyika. Mei 2014 Phil Lyman, kamishna wa kaunti ya San Juan, aliongoza msafara wa pikipiki za magurudumu manne kuingia humo kupinga. Mwaka uliofuata akatiwa hatiani, akahukumiwa siku 10 jela pamoja na kulipa fedha. Rais Trump alimsamehe Desemba 2020. Wewe huna hakika ya msamaha wa rais. Na picha zilizozunguka nchi nzima zilikuwa za magurudumu kwenye mabonde yenye makaburi ya watu. Kila nikienda mkutanoni kuna mtu anainua mkono na kuitaja Recapture, na hapo maneno yangu ya desibeli na misimu yanakuwa hayana msikilizaji tena.

Kama mzee ana madai, yafuate kwa njia ya karatasi. Sheria ya madini ya mwaka 1866 iliruhusu barabara kukatwa kwenye ardhi ya umma, na ingawa ilifutwa mwaka 1976, haki zilizokwishapatikana hazikufutwa. Jimbo la Utah na kaunti zake wanadai barabara zaidi ya 12,000 kwa msingi huo mahakamani. Nenda ofisi ya kaunti ukaulize kama njia ya mzee imo kwenye orodha. Kama imo, ushahidi wa mzee akiwa hai ni wa thamani: aape, aandike alianza kupita lini, na lori gani, akipeleka nini. Mashahidi wa namna yake wanazidi kupungua kila mwaka.

*

*Nimeelewa yote, nataka kuandika maoni yangu kwa Idara ya Misitu. Niandike nini? Kiingereza changu si kirefu. – Msomaji, Salt Lake City*

Kiingereza kifupi ndicho wanachokitaka. Barua elfu moja zenye maneno yale yale, zilizonakiliwa mahali pamoja, huwekwa fungu moja na kujibiwa mara moja. Barua yako moja yenye namba ya njia lazima wailinganishe na ramani yao.

Andika namba ya njia kama ilivyo kwenye ramani ya magari. Andika inaanzia wapi na kuishia wapi. Andika unaitumia miezi gani na kwa chombo gani, na inaungana na njia zipi, ili waone uzi utakatikia wapi wakiifunga. Kama kuna chemchemi inayokanyagwa au mteremko unaomomonyoka, useme wewe kabla hajausema mwingine, na upendekeze dawa: daraja dogo, kuhamisha njia, au kufunga miezi ya matope. Halafu omba kitu kinachochoreka. Usiseme "msifunge msitu wetu". Sema mpaka wa nyika usogezwe mpaka kwenye ukingo wa juu, au njia namba fulani iachwe nje ya mpaka kwa ukanda wake wenyewe. Wachora ramani wamezoea hilo. Barabara huachwa ikiingia katikati ya nyika kama kikonyo cha tunda, huku na huku pamefungwa na yenyewe iko wazi. Na omba sehemu isiyopitishwa kuwa nyika itamkwe kwamba imeachiliwa, isirudishwe kwenye uchunguzi.

Angalia tarehe ya mwisho, hili ulishike. Katika mipango ya misitu, anayeruhusiwa kuweka pingamizi rasmi mwishoni ni yule tu aliyetoa maoni ya maandishi yenye hoja wakati wa maoni. Nimeona watu wakija na hasira baada ya rasimu ya uamuzi kutoka, wanaambiwa kwa upole kwamba hawamo kwenye orodha. Hakuna rufaa ya hapo.

Ukishatuma, weka nakala yenye tarehe, na nakala nyingine mpelekee mbunge wako, maana nyika itapita au kukwama kwake, si msituni. Wenye maswali ya kabureta, mniwie radhi. Zenu zitajibiwa toleo lijalo, na yule wa Pocatello asiwashe ile pikipiki kabla hajabadilisha oili.